Kijaluba cha Peremende cha Mfukoni: Tathmini ya Karakana Moja ya Usanifu Jijini Nairobi

Karakana ninayoitathmini hapa iko Ngara, katika orofa ya tatu ya jengo ambalo chini yake huuzwa vipuri vya simu, na kazi yake ni kusanifu vitu vidogo vya plastiki na kuvichapisha kwa printa za 3D. Jina lake sitalitaja, kwa sababu yale ambayo sikuridhika nayo nimekwisha kuyazungumza na wenyewe. Nilichotaka kwao ni kijaluba cha peremende: chombo cha kutosha mfuko wa shati, kinachotoa peremende moja tu kila kinapobonyezwa, kwa mkono mmoja, bila kumwaga zinazobaki.

Mimi hutengeneza nyumbani peremende za tangawizi na ndimu, vidonge bapa vya sukari iliyoshindiliwa, na wateja wangu wengi ni walimu, wahubiri na makondakta, watu ambao koo ndicho kitendea kazi chao. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 nimekuwa nikizifunga kwa karatasi, na karatasi ina kasoro ambayo kila abiria wa Nairobi anaijua. Mkono mmoja ukiwa umeshikilia kiti cha mbele ndani ya matatu inayokimbizana na nyenzake kwenye Barabara ya Jogoo, mkono wa pili hauwezi kufungua pakiti iliyokunjwa, kutoa kidonge kimoja, kisha kuikunja tena kabla ya tuta linalofuata. Kidonge kimoja huingia kinywani na vingine hutawanyika chini ya viti.

Lililonipendeza mwanzoni ni kwamba hakuna aliyekimbilia kompyuta. Msanifu, kijana mpole anayeongea kwa sauti ya chini, aliniomba pakiti nzima, akaimwaga juu ya karatasi nyeupe na kuanza kupima kidonge baada ya kidonge kwa kalipa, huku akiandika kila kipimo. Upana haukumsumbua, kwa sababu vidonge vyote hutoka katika shindilio moja lenye upana wa milimita 11. Unene ndio uliomfanya akunje uso: kidonge chembamba kuliko vyote kilikuwa milimita 4.6, na kinene kuliko vyote milimita 5.4.

"Mama, kijaluba hakiwezi kuwa na adabu kushinda peremende zenyewe," aliniambia. "Hiki nitakisanifu kwa ajili ya kile chembamba kabisa na kile kinene kabisa. Cha katikati kitajitafutia njia chenyewe." Kisha akanitaka nimletee vidonge vilivyotengenezwa siku nyingine, kwa kuwa hakuamini kwamba pakiti moja inaweza kuzungumza kwa niaba ya zote. Nimeshughulika na mafundi wengi katika jiji hili, na ni wachache sana ambao huanza kazi kwa kuitilia shaka sampuli ya mteja.

Kabla ya kuchora alinieleza njia ambazo chombo cha namna hii hutumia kutenganisha peremende moja na wenzake. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kisanduku chenye tundu dogo chini, na hiyo aliitupilia mbali papo hapo. Vitu vigumu vya punje vikipita katika tundu ambalo upana wake haujafika mara nne au tano upana wa punje moja, huelekea kubanana na kujenga tao juu ya tundu, kama mahindi yanavyokwama kwenye koo la kinu cha posho hadi mtu agonge kwa ngumi. Tundu la kutoa peremende moja moja haliwezi kuzidi upana wa peremende moja kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kukwama ndiyo hali yake ya kawaida. Kuna njia ya kisahani kinachozunguka chenye kitundu cha kubeba kidonge kimoja, lakini hiyo hudai chombo kipana, na mfuko wa shati haupendi upana.

Kasha la Tic Tac, peremende ambazo kampuni ya Ferrero ya Italia ilizileta sokoni mwaka 1969, hutatua jambo hili kwa ujanja mwingine. Upande wa ndani wa kifuniko chake kuna kijibonde kinachotosha kidonge kimoja. Ukilipindua kasha kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha ukalirudisha wima taratibu na kukifungua, kidonge kimoja huwa kimekaa humo kikikungoja. Watu wengi hawana habari hiyo na hulitikisa tu kasha juu ya kiganja. Ujanja huo unakifaa kidonge chepesi chenye umbo la yai na uso laini, kisichofika hata nusu gramu. Vidonge vyangu ni bapa, vina ukavu wa unga, na vikiachwa huru ndani ya kisanduku hukwaruzana hadi kingo zikaisha.

Kilichobaki ni mnara: vidonge vikipangwa kimoja juu ya kingine, vikisukumwa na springi kutoka chini. Njia hii ni ya PEZ, peremende za mnanaa alizozianzisha Eduard Haas wa Tatu mjini Vienna mwaka 1927, ambazo mwanzoni zililengwa watu wazima na hasa wavutaji wa sigara. Kijaluba chake kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiwa na umbo la kiberiti cha gesi, kikafika Marekani mwaka 1952, na vichwa vya wahusika wa katuni ambavyo watoto wanavijua viliongezwa baadaye katika muongo huohuo. Hubeba vidonge 12. Nasi tulikubaliana juu ya 12, si kwa kuiga, bali kwa hesabu: vidonge 12 vyenye unene wa takriban milimita 5 hufanya mnara wa milimita 60, na ukiongeza nafasi ya springi iliyobanwa na ya mdomo unapata chombo cha milimita 85 hivi, ambacho hukaa katika mfuko wa shati bila kuchungulia nje.

Mdomo ndio kazi yenyewe, na hapo ndipo karakana hii ilipostahili malipo yake. Mdomo una vitu viwili: kisukumio, yaani kibamba kinachoteleza chini ya dari ya kijaluba na kukisukuma kidonge cha juu, na upenyo wa kutokea ulio upande wa pili. Kisukumio lazima kiwe chembamba kuliko kidonge chembamba kabisa, la sivyo kitagusa cha pili na kujaribu kuvitoa vyote viwili. Msanifu alikipa unene wa milimita 4. Upenyo lazima uwe mrefu kuliko kidonge kinene kabisa, la sivyo hicho hakitatoka kamwe na kitaziba njia ya vyote vilivyo chini yake, lakini usikaribie unene wa viwili vyembamba. Kwa maneno, hiyo ni nafasi pana sana, kati ya milimita 5.4 na 9.2, na mtu angedhani kipimo chochote cha hapo katikati kinafaa.

Sampuli ya kwanza ilionyesha kwamba sivyo. Upenyo wake ulikuwa na urefu wa milimita 6.5, na mara kwa mara kidonge cha pili kilikuwa kikiponyoka pamoja na cha kwanza. Msanifu hakunipa maelezo ya kubahatisha. Alikata dirisha dogo ubavuni mwa kijaluba, akakibonyeza polepole mbele yangu, tukatazama pamoja. Kingo za vidonge vyangu zimelainishwa kidogo ili visiukwaruze ulimi. Kidonge cha juu kilipokuwa chembamba, kile cha chini yake kilikuwa kimepandishwa na springi hadi bega lake likachungulia kwenye upenyo. Kile cha juu kilipoteleza kilikivuta kwa msuguano, na ule ulaini wa ukingo ukamsaidia mwenzake kupanda juu ya kizingiti cha upenyo na kutoka. Dawa ilikuwa kupunguza upenyo hadi milimita 5.8 na kukifanya kizingiti kiwe na kona kali upande wa ndani. Tangu hapo sijaona viwili vikitoka pamoja. Nimeeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu mteja anayekitazama kijaluba akiwa nje huona rangi, umbo na nembo, ilhali tofauti ya milimita 0.7 katika urefu wa upenyo ndiyo inayoamua kama kitatumika au kitatupwa kwenye droo.

Springi nayo ilizua mjadala wake. Ikiwa kali sana huongeza msuguano kwenye mdomo na kuvimega vidonge vya sukari. Ikilegea, vidonge vya mwisho havifiki juu. Ugumu ni kwamba springi husukuma kwa nguvu zaidi kijaluba kikiwa kimejaa na kwa nguvu ndogo kikikaribia kuisha, kinyume kabisa na mtu angependa. Suluhisho lao lilikuwa springi ndefu yenye waya mwembamba, iliyobanwa sana tangu mwanzo, ili tofauti ya nguvu kati ya kidonge cha kwanza na cha mwisho iwe ndogo. Hilo lilifaulu. Waya wenyewe haukufaulu: ulikuwa wa chuma cha kawaida, na baada ya msimu wa mvua za masika ukaanza kutu, jambo lisilovumilika katika chombo cha chakula. Waliubadilisha kwa chuma cha pua bila kunidai senti, ingawa nadhani karakana inayojua kwamba sukari hufyonza unyevu hewani ingeanza na chuma cha pua.

Kuna pia unga. Peremende iliyoshindiliwa hupukutika kila inaposuguliwa, na unga huo ukijikusanya chini ya springi hugeuka bonge gumu. Waliweka vitundu chini ili udondoke wenyewe, na ukadondoka kweli, ndani ya mfuko wa suruali nyeusi ya shemeji yangu aliyekuwa akikijaribu kijaluba kazini. Toleo la sasa lina kizibo cha chini kinachofunguka kwa robo ya mzunguko, ambacho humwagwa na kupanguswa. Kujaza vidonge ni kazi nyepesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mnara wote huvutwa nje kama mtoto wa meza na kupangwa wazi. Kelele hazipo, kwa sababu springi huvishikilia vidonge visigongane. Wahubiri wangu wamelifurahia hilo.

Sasa niseme kuhusu malighafi, ambako lawama yangu kubwa iko. Vijaluba vilichapishwa kwa PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mimea na ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kuchapisha. PLA huanza kulegea ikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililoegeshwa juani mchana kutwa linaweza kufika huko kwenye dashibodi. Mteja wangu mmoja, dereva wa teksi, alikiacha chake hapo na akakikuta kimepinda mgongo, kisukumio kimekwama. Kubadilisha hadi PETG, plastiki nyingine ya kuchapishia ambayo huhimili hadi karibu nyuzi 80, kuliongeza gharama kidogo tu, na ingefaa nipewe uchaguzi huo tangu siku ya kwanza.

Zito kuliko joto ni suala la usafi. Printa ya 3D hujenga kitu kwa tabaka nyembamba, kwa kawaida milimita 0.2 kila moja, na kati ya tabaka hubaki mifereji midogo ambayo jicho halioni lakini sukari na unyevu huiona. Kuiosha barabara haiwezekani, na maji ya moto ambayo yangesaidia ndiyo yanayopinda PLA. Kwa sababu hiyo kijaluba kilichochapishwa ni cha majaribio na cha kuwaonyesha watu, si cha kuuzwa na peremende za kuliwa zikigusa kuta zake miezi nenda miezi rudi. Karakana ilinieleza hayo kwa uwazi na kwa ufasaha, lakini baada ya mimi kulipia vijaluba vya kwanza vya kuwapa wateja. Mtu anayelipwa kusanifu chombo cha chakula angeanza na maelezo hayo kabla hata ya kutoa kalipa. Vile nilivyokuwa nimevigawa nimevirudisha vyote, na sasa navitumia tu kupima mdomo kila ninapobadilisha shindilio.

Malipo yalikuwa shilingi 9,000 kwa usanifu pamoja na marekebisho yote ya mdomo, na shilingi 400 kwa kila kijaluba kilichochapishwa. Nusu ilitakiwa kama arubuni kupitia M-Pesa, iliyobaki wakati wa kukabidhiwa. Kwa usanifu naiona bei hiyo kuwa ya haki, hata ndogo. Kwa uchapishaji ni ghali kwa yeyote anayefikiria biashara: pakiti yangu ya peremende huuzwa kwa bei isiyofika robo ya bei ya chombo chake. Ahadi za muda hazikutimizwa kama zilivyotolewa. Kijaluba kimoja huchukua saa kadhaa kwenye printa, na umeme ukipotea katikati kazi yote hutupwa. Walikuwa na betri ya akiba kwa kompyuta, si kwa printa, mpangilio ambao hata wao walicheka nilipouuliza.

Walichokifanya vizuri mwishoni ni kuniandalia mchoro unaoweza kupelekwa kwa wenye mashine za kumimina plastiki katika kalibu, kazi inayofanyika Industrial Area na Kariobangi Light Industries. Mchoro wa printa haufai huko moja kwa moja. Kuta lazima ziinamishwe kwa nyuzi moja au mbili ili kijaluba kiteleze kutoka kwenye kalibu badala ya kung'ang'ania, unene wa kuta uwe sawa kila mahali ili plastiki isibonyee inapopoa, na vipimo vyote vizidishwe kidogo, kwa kuwa plastiki ya polipropilini hunywea kwa takriban asilimia 1 hadi 2.5 inapoganda. Kwa mdomo wa milimita 5.8, kunywea huko si jambo la kupuuzwa: msanifu aliacha chuma cha ziada katika sehemu hiyo ya kalibu, ili fundi apunguze kidogo kidogo baada ya kuona vijaluba vya kwanza. Kuchonga chuma kilichobaki kunawezekana, lakini kukirudisha kilichokwisha kuchongwa ni taabu.

Polipropilini ilipendekezwa kwa sababu tatu ambazo naziona za busara. Huoshwa kwa maji ya moto bila kulalamika, hutumiwa tayari katika vyombo vingi vya chakula vyenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake, na inaweza kufanya bawaba bila pini, kwa kuacha tu sehemu nyembamba ya nusu milimita hivi kati ya kifuniko na mwili, ambayo hukunjwa maelfu ya mara bila kukatika. Kwa hiyo kizibo cha chini, ambacho katika toleo la kuchapishwa hupotea kwa wepesi, kitakuwa kimeshikamana na kijaluba. Hilo lina umuhimu kwa wenye watoto. Huko Ulaya na Marekani vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka mitatu hupimwa kwa mwanzi wenye upana wa takriban milimita 32. Sehemu inayoingia humo yote huhesabiwa kuwa inaweza kumpalia mtoto. Kizibo chetu huingia. Peremende zenyewe pia huingia, na ndiyo maana kisukumio kimefanywa kigumu kiasi kwamba kidole cha mtoto mdogo hakikiwezi.

Gharama ya kalibu ya chuma huhesabiwa kwa malaki, na karakana hii haijifanyi kuwa inaweza kukuepusha nayo. Walinishauri nisiitengeneze kabla ya kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya kwa peremende zenyewe, kwa kuwa unene wa vidonge unaweza kubadilika nikibadilisha mashine ya kushindilia, na unene ukibadilika mdomo nao hubadilika. Ushauri huo uliwanyima kazi ya haraka, nami niliuthamini.

Jambo moja ambalo kila mteja anapaswa kulidai kwa maandishi ni mafaili. Mwanzoni nilikabidhiwa faili la STL peke yake, ambalo linatosha kuchapisha lakini halifai kwa kubadilisha vipimo. Faili la STEP, ambalo fundi wa kalibu analihitaji, lilitolewa baada ya mabishano kidogo kuhusu mchoro ni wa nani. Hatukuwa tumeandikiana lolote. Tumekubaliana kwamba ni wangu, na umbo la nje naliandikisha katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ambako usanifu wa viwandani hulindwa kwa miaka 5 na unaweza kuhuishwa mara mbili hadi miaka 15.

Kwa usanifu wa kitu kidogo chenye sehemu inayotembea, ningerudi kwao kesho. Kwa kuchapisha vitu vya kuuza na chakula ndani yake, hapana, na siamini kwamba karakana nyingine yoyote yenye printa za aina hiyo ingefaa zaidi. Ukienda, beba bidhaa yako yenyewe, ya siku tofauti, kwa wingi usioona haya. Taja mapema kama itaguswa na chakula na kama itakaa ndani ya gari. Nenda kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu msanifu huondoka mapema kukwepa msongamano wa Barabara ya Thika, na anayebaki mezani hajui kusoma kalipa.